Kidole cha Mgema

Jumanne kisu kiliteleza kwenye mwanzi uliolowa ukungu,
kikamkata baba mdogo Ditram kidole gumba.
Akafuta damu kwenye suruali,
akagema mianzi kumi na mmoja iliyobaki.
Ulanzi haumngoji mtu.

Alhamisi akapiga simu: "Wewe wa maabara, njoo uone."
Nikapanda kutoka Mafinga, misonobari ikidondosha maji,
nikamkuta Lukresia anamkanda kwa maji ya chumvi.
Gumba limeng'aa kama nyanya,
lina moto wake peke yake, linadunda.
"Mimi sikumwambia mtu," alisema.
"Hata huyu nilimficha.
Sasa nani aliyeuambia mwili?"

Chuoni swali hilo walitujibu kwa michoro.
Hapa sina ubao. Ipo mbeta.

Baba mdogo, alfajiri ukisogeza pua kwenye mbeta
unajua: huu ni mtogwa bado,
huu umeshakuwa mkangafu,
huu umeharibika, mwaga.
Wanaouchachua hujawahi kuwaona,
huwajui majina wala nyumba wanazotoka.
Unajua harufu yao, basi.

Chini ya ngozi yako wapo wenye pua ya namna hiyo.
Kisu kiliingia na wageni,
wa udongo, wa ganda la mwanzi, wa suruali yako hiyo,
kila mmoja na ukoo wake.
Lakini wengine wamevaa joho la mafuta na sukari
ambalo mwili wako haujawahi kulishona,
wengine wanaogelea kwa mkia
uliosokotwa kwa uzi usio wa kwako.
Seli mlaji alikuwa hapo anazoa taka, kazi yake ya kila siku,
akalipapasa joho kwa vipokezi vyake.
Hakufundishwa. Alizaliwa navyo,
kama babu yako, kama babu wa babu yako;
hata huyu nzi anayezunguka mbeta, usimdharau,
naye anavyo vya kwake.

Akapiga yowe.
Yowe lisilo na sauti, chembe tu za protini
zilizomwagika kwenye nyama.
Mishipa ikasikia, ikalegea: ndio wekundu huu, ndio joto.
Maji yakavuja: ndio uvimbe.
Zikaja seli nyeupe, vijana wa siku moja mbili,
zikameza wageni na kufia hapohapo.
Usaha unaotaka kuukamua kwa hasira
ndio wao.

Akautazama usaha.
Akaacha kukamua.

"Na hili?" Akainua mkono. Kwapani, mtoki kama njegere.
Hapo kuna mjumbe, nikamwambia, mwenye matawi matawi,
amebeba kipande cha joho
awaonyeshe wale wanaosoma polepole.
Wao ndio wenye kukumbuka, lakini watachukua siku kadhaa.
Hadi leo mlango umeshikwa na hawa wasiojua kusoma.

"Na yowe likizidi?"

Nikanyamaza.
Nilimkumbuka kijana wa kitanda cha dirishani,
mkata mbao, jeraha dogo kuliko hili.
Wageni walishapungua; yowe likaendelea,
mwili mzima ukalegeza mishipa yake
mpaka presha haikupimika.

Nikakunja shati lake. Mstari mwekundu
ulikuwa umepanda kutoka kifundoni, umefika karibu na kiwiko.
"Tunakwenda zahanati," nikasema, "sasa hivi."
Lukresia alikuwa ameshavaa sweta.

Njiani, kwenye mianzi ya mwisho, akasimama.
Akaifungua mbeta kwa mkono wa kushoto, mkono usiozoea,
akainamisha pua,
akamwaga.