Safari ya Makorongo

Daftari ni la hisabati, la mraba,
jalada limekunywa grisi likashiba.
Ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu:
"Safari ya Makorongo. Dereva: mke wangu.
Anzia sheli ya Mwenge. Rudisha mita sifuri.
Vioo juu. Vumbi halina adabu."

Ile kalenda bado iko jikoni,
haijafunuliwa tangu Agosti ya mwaka ule:
jangwa la watu wengine, miamba myekundu
iliyopasuka kama kisigino cha mchukuzi,
na barabara nyembamba imepita chini yake
kama uzi aliousahau fundi.
Mwinjuma aliitazama akipuliza chai.
"Nauli ya huko hatuna," alisema. "Mashimo tunayo."
Miaka kumi na tisa kwenye lori la kokoto,
nani wa kumfundisha mashimo ya Dar?

Basi Jumapili hii nimewasha kigari changu.
Leseni yangu ina miezi minne.
Daftari nimelikalisha kiti cha abiria,
nikalifunga mkanda.

"11.4. Kunja. Simama. Tazama chini."
Nimekunja, nimesimama, nimetazama.
Saluni. Ukuta umeandikwa USIKOJOE HAPA.
Binti mwenye kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama,
ananiuliza, "Mama, umepotea?"
Nikaondoka kwa hasira, na mita mia saba mbele
ardhi ikaachama:
Kunduchi Machimbo, kuta za rangi ya jino la zamani,
tabaka juu ya tabaka, jua limejaa humo pomoni,
na chini kabisa mwanamke na nyundo.
Ko. Kimya. Ko.
Mwangwi unamrudishia kazi mara mbili,
malipo mara moja.

"19.8. Wazo. Mlima unaoliwa."
Nimefika kwa muuza vigae.
Mlima wenyewe uko mbele, kilomita na ushei,
umekatwa ngazi ngazi, mweupe, unaumiza macho.
Nikaelewa ulikokwenda uliobaki:
umeshuka mjini mfuko kwa mfuko,
umekuwa maghorofa, makaro, vizingiti,
na ule ukingo mdogo, shubiri nne kwa tisa,
tuliomzungushia Mwinjuma.

Goba, pancha.
Fundi Nyangalio anasoma daftari, mikono imemezwa na tairi.
"Alipima kwa lori?"
Kwa lori.
"Tairi kubwa, mama, huzunguka mara chache. Mita inahesabu pungufu.
Bwana hakukosea. Gurudumu lake lilikuwa pana kuliko lako."
Akadai elfu tatu. Nikampa tano.

Malamba Mawili, Kinyerezi: sasa naongeza mwenyewe,
kidogo kwa kila kumi, kama chumvi.
Ukingoni mwa mto uliokauka masika imekula ua wa mtu,
choo kimening'inia, mlango wazi, kinatazama bondeni,
na mchangani, mguu mmoja juu, amesimama korongo.
Korongo ndani ya korongo.
Nilicheka peke yangu mpaka nikapiga honi bila kukusudia.
Ndege hakushtuka. Pembeni mwa daftari imeandikwa:
"Ukimkuta, msalimie."

Ukurasa wa mwisho mwandiko umelegea,
tarehe ni za hospitali.
"47.0. Pugu. Pango la udongo mweupe.
Hapa nitakupiga picha."

Arobaini na sita nukta nane. Nukta tisa.
Arobaini na saba.
Kona. Mikorosho ina vumbi hadi kopeni.
Mtoto anauza bisi kwenye vifuko, anaona sinunui, anakaa tu.
Pango liko mbele, kilomita tatu, kwa hesabu ya Nyangalio,
na halina miguu, litaningoja.
Lakini namba ni hii,
aliiandika kwa mkono uliotetemeka,
na kigari changu, kwa mara ya kwanza, kimekubaliana naye.

Nikazima injini. Ikawa inapoa: tik, tik.
Nikajiweka sawa ushungi, kama mtu anayepigwa picha.
Kisha nikageukia kiti cha abiria
nikafungua mkanda.