Mrija Gizani

Saa nane na robo usiku, wodi ya watoto, Mbale.
Wanale umejifunika wingu hadi kiunoni
na radi inapasua mwamba bila kuomba radhi.
Muuguzi Muzaki ananiita kwa kidole, si kwa jina:
kitanda cha sita, Logose, miaka minne,
degedege mara tatu tangu magharibi,
macho wazi, yakitazama mahali tusipokuwepo sisi.

Dawa imeshaingia mshipani. Hiyo si kazi yangu.
Yangu ni vijiko viwili vya mkojo, mrija,
foili ileile ya kufungia nyama choma,
na mbio.

Maana ninachokitafuta hufa kikiona mwanga.
Jina lake refu kuliko foleni ya kliniki ya Jumatatu:
tetrahidrobiopterini.
Ulimi hujikwaa mara mbili kabla ya kufika mwisho.
Nimezima taa. Navingirisha foili kwa kupapasa,
kama mtu anayeficha deni la ndugu yake.
Jokofu linakoroma. Jenereta, tafadhali, leo usizime.

Mlangoni kuna baba, Mugoya,
kichwa cheupe, si kwa mvi: ni unga.
Ana mashine ya posho kule Budaka,
hakupata muda hata wa kujipangusa.
"Dada, hata mkojo wa mwanangu mnauficha?"

Nikamwambia, kwa maneno niliyokuwa nayo:
ndani ya mshipa kuna utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
na ndani ya utando viwanda vidogo
vinavyotengeneza hewa moja, oksidi ya nitriki.
Haiishi hata muda wa chafya mbili,
lakini ikipita huuambia mshipa: legea,
panua njia, damu ipite.
Unasikia radi? Nayo huitengeneza hewa hiyohiyo huko juu,
ila kwa kuunguza anga.
Sisi tunaitengeneza kimya, tukiwa tumelala.
Malaria inapopasua chembe za damu,
wekundu unaomwagika huinywa
kama udongo wa Januari unavyonywa tone la kwanza.
Na hiki chenye jina refu ndicho hushikiza kiwanda.
Kikipungua, kikichakaa...

Hapo akanikata.
"Pini," alisema.
"Pini ya shafti. Ikilika, mashine hainyamazi.
Ingenyamaza, ningeshukuru.
Inanguruma vilevile, dizeli inakunywa vilevile,
ila mahali pa unga inatema cheche."

Miaka mitatu nilikaa darasani
na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.
Cheche, naam. Kiwanda kilekile, mfanyakazi yuleyule,
sasa anatoa oksijeni yenye hasira
inayochoma ukuta uliomzaa,
na njia za ubongo, nyembamba kama uzi wa mahindi,
zinabana, zinanata, zinaziba.

Akatazama mkono wangu uliokuwa na foili.
"Sasa hiyo pini, mnayo?"

Mvua ilianza wakati huo, kubwa, juu ya mabati,
nami nilitamani iendelee hadi asahau swali.
"Hatuna," nilisema. "Kwa sasa tunahesabu tu
ni kiasi gani kimelika."
Hakukasirika. Alirudi kitanda cha sita,
akashika unyayo wa mtoto
jinsi fundi anavyoshika chuma
kusikia kama bado kina joto.

Zamu yangu iliisha saa moja asubuhi.
Niliporudi jioni, kitandani alikuwa mvulana wa Nakaloke,
na muuguzi alikuwa mwingine. Sikuuliza.
Unaweza kunilaumu.

Majibu yamekuja leo, mwezi wa tisa,
kutoka maabara ya ng'ambo, karatasi moja, safu za namba.
Sampuli ya arobaini na moja: chini.
Chini sana, kuliko zote za usiku ule.
Majina hayamo, ndivyo sheria inavyotaka.
Majina yako kwenye daftari,
daftari liko kwenye droo,
na ufunguo ninao hapa, mfukoni,
unapata joto la mwili wangu.