Mpitiaji wa Pili

Makala imefika Jumanne. Jina la mwandishi limefutwa,
chuo kimefutwa, mji umefutwa,
na penye shukrani pamelala mstari mweusi
kama lami ya Duluth theluji ikishazolewa.
Kurasa thelathini na moja, wiki nne.
Mhariri, Dkt. Thevarajah, ananishukuru mapema
kwa kazi ambayo hakuna anayelipwa.

Mwenzangu wa kwanza kishapita, maoni yake nimeambatanishiwa:
“Sampuli ndogo mno. Watoto kumi na mmoja
ni darasa, si ushahidi.”

Mimi husoma kwenye karatasi, kalamu mkononi.
Ni mazoea ya chaki: miaka kumi na miwili shule ya msingi
kabla sijaanza kuitwa mtafiti.
Ukurasa wa nne, nadharia zimerundikana: fupisha.
Wa tisa, jedwali halijumlishi: hakiki.
Napalilia tu, sina chuki, sina huruma,
kahawa inapoa.

Ukurasa wa kumi na tisa:

“Mwalimu H. hakutumia wino mwekundu.
Alisema mwekundu huumiza watoto.
Kwa wino wa kijani akalikata jina langu daftarini,
juu yake akaandika Pegi.
Nilikuwa na miaka minane, nami ndiye mkalimani.
Nikamwambia mama: mwalimu anasema hivi ni rahisi zaidi.
Mama akauliza: rahisi kwa nani?
Hilo sikulifasiri.”

Naitazama kalamu yangu.
Kijani.

Saint Paul, darasa la tatu, dirisha la upande wa reli.
Mama alikaa kwenye kiti cha mtoto, hakuvua koti.
Alisema neno fupi, la kupanda mwishoni,
nikamwinamia binti: amesemaje?
“Amesema asante.”

Miaka ishirini na sita nimeitunza asante ile.
Nimeisimulia kwenye makongamano mawili, watu wakatikisa vichwa.
Imo katika makala yangu ya kwanza, aya ya pili,
mfano wa wazazi wa Kihmong na imani yao kwa shule,
na wapitiaji watatu waliipitisha
bila hata mmoja kuuliza pembeni:
nani alifasiri?

Sampuli yangu ilikuwa mtu mmoja.

Nakiri hili pia, kwa kuwa hakuna anayeniona:
kitu cha kwanza nilichoandika ukingoni kilikuwa
“Si Oktoba. Ilikuwa Januari, koti lilikuwa na theluji.”
Nikakisoma. Nikakikata.
Hata kukata nimekata kwa kijani.

Fomu ina visanduku vinne:
kubali, rekebisha kidogo, rekebisha sana, kataa.
Hakuna kisanduku cha nilikuwepo.

Nikaandika: Dkt. Thevarajah, siwezi kuendelea,
nimo ndani, ukurasa wa kumi na tisa.
Kisha nikafuta kuanzia nimo,
maana nikijivua kitambaa usoni nitakuwa nimemvua na yeye,
na jina lake nimeshamvua mara moja.
Yakabaki maneno ya kanuni, makavu:
mgongano wa maslahi.

Paj Huab.
Ile b ya mwisho haitamkwi, ni ngazi tu,
inaiambia sauti ipande.
Nilijifunza hayo kitabuni, baadaye mno,
nilipokwisha kuwa bingwa wa tamaduni nyingi.
Nalijaribu jikoni, mara tatu, mara nne.
Linapanda kidogo, linateleza.
Mbwa anainua kichwa, anakilaza tena.

Jioni mhariri amejibu:
“Asante kwa uaminifu wako.
Je, unaweza kutupendekezea mpitiaji mwingine,
mwenye ujuzi wa jambo hili?”

Ninaye.
Aliuliza swali moja, bila kuvua koti.
Sina anwani yake.