Paa la Nabintu

Tulikuwa na daftari. Ndani yake, waliolipa:
dola mbili kwa mwezi, jina, namba ya simu,
na kisanduku cha alama: ana kompyuta, hana.
Mistari niliipiga mimi, kwa rula.
Jina lake nililiacha nje mimi.

Nabintu wa Cimpunda, muuza sambaza,
simu yake ya vibonyezo imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
alikuja mkutanoni na beseni,
akaketi karibu na mlango.
“Huu mtandao wa jamii,” akauliza,
“jamii ni nani?”
Cirhuza, mweka hazina, akakohoa.
Tukaingia ajenda ya pili.

Antena tuliifunga kwa katibu:
nyumba ya matofali, geti, mbwa.
Mawimbi yakatoka, yakagonga kilima,
yakarudi kama mtoto aliyetumwa dukani bila pesa.
Bagira haikupata kitu. Panzi haikupata kitu.
Siku tisa napanda ngazi, nashuka,
mvua ya Bukavu imenijua hadi soksi.

Ya kumi nikafuata jicho tu,
juu ya vidato vya udongo vilivyochongwa kwa jembe,
nikapita bomba lililokauka, choo cha turubai,
hadi mteremko unapokataa kubeba nyumba
na bado umebeba moja.
Mabati saba, mawe juu yake yasipeperuke.
Nikageuka.
Bagira yote. Panzi yote.
Hata ziwa, na mitumbwi inayorudi.

Akatoka anafuta magamba mikononi.
Sikujua nianzie wapi. Akanianzia yeye:
“Kumbe mmepanda.”

Kodi hakutaka.
Alitaka kile kisanduku kiseme, kwa Mashi,
maana herufi hazikumngoja utotoni;
kiseme bei ya sambaza bandarini
kabla hajashuka gizani na nauli ya kukopa.
“Na lile daftari lako. Lilete.”

Nikamsomea majina yote kwa sauti.
Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo,
kisha akaanza na wasiokuwemo:
Zihalirwa anayebeba saruji mgongoni,
M'Cibalonza na mjukuu wake asiyesikia,
yule fundi viatu, jina lake nani, ngoja,
akamwita jirani kupitia ukuta wa mbao, wakabishana,
Mushagalusha, ndiyo, Mushagalusha.

Betri ilikuwa inakufa, giza limeingia.
Niliandika bila rula.
Mistari ikapanda, ikashuka,
kama Cimpunda yenyewe.