Mwitika Hodi

Vioo viwili mezani, maabara ya Lamu, jenereta inakohoa.
Cha kwanza cha Mwana Barke. Cha pili cha nduguye, Tima.
Baba mmoja, mama mmoja, kichochoro kimoja cha Mkomani,
na damu zao, nimezipima mara tatu nikidhani nimekosea,
zina estrojeni sawa, tone kwa tone.

Basi mbona kwa Barke nyama imejenga ghorofa,
uvimbe mkubwa kama balungi,
na kwa Tima ukuta ni mwembamba, utando wa maziwa,
mimba tatu zimepita zikikosa pa kushika?

Lugha yetu ilijua tangu zamani, ikauita mji.
Mji wa mimba: una vichochoro, una milango,
na homoni ni mgeni, hupita kote akibisha.
Kipokezi yuko dakani. Humpokea, humkalisha,
lakini apokeaye siye ajengaye.
Ndani, kwenye kiini, maandishi yamefungwa
kama ukili uliosukwa ukakazwa,
na mgeni hana kucha za kuufumua.

Hapo ndipo waingiapo wasaidizi,
protini zisizotajwa harusini:
huyu analegeza uzi, yule anashika taa,
wa tatu anaita mafundi, chokaa, mawe.
Wakiwa wengi, mgeni akinong'ona tu hodi
nyumba nzima huamka kujenga usiku.
Wakiwa wachache, atabisha hadi vifundo vya vidole vimuume.

Nimewatia rangi. Naangalia.
Kwa Barke viini vimekolea kahawa tungu, kimoja ubavuni mwa kingine.
Kwa Tima, kimoja hapa,
na kingine, natafuta,
kule.

Dawa ya hili sina. Mimi ni mpimaji, si tabibu;
barua ya daktari wa Malindi itasema uchunguzi uendelee.
Lakini Tima ameketi nje, kwenye benchi la saruji,
mkoba magotini, buibui limeshika vumbi la chokaa.
Miaka saba mawifi wamemwambia damu yake ni baridi,
haina wito.

Nitafungua mlango nimwambie angalau hili:
mgeni alifika, Tima. Kila mwezi alifika.
Alipiga hodi vizuri.
Waitikiaji ndio waliokuwa haba.