Maji ya Kwanza

Mvua ya tatu ya Novemba ikishapiga mabati ya Katuba
mama hawezi tena kukaa.
Nampakia nyuma ya baiskeli ya Kaoma, ndoo kwenye usukani,
tunaifuata barabara ya Kipushi mpaka lami inapochoka,
mpaka miombo inaposimama pande zote
migongo myeusi kwa maji.

Wa kwenye kichuguu, mpana kama sinia,
huo hauna maneno. Unachuma, unashukuru.
Wa manjano, wenye kiuno, nao hauna maneno.
Lakini huu,
mweupe uliochafuka, kofia imebonyea katikati
kama mto uliolaliwa na mgonjwa,
huu una neno.
Unalika, lakini.

Vunja ukingo, alinifundisha. Subiri.
Maziwa yatoke, yabaki meupe mpaka uhesabu ishirini.
Gusa kwa ncha ya ulimi: pilipili yake huchelewa,
kama habari ya msiba iliyopitia kwa jirani kwanza.
Tema. Tema tena.
Sasa mguu. Usikate, chimba,
uone kama umevaa soksi.
Ukiwa na soksi, hata mtoto akilia njaa, uache hapo hapo
na kisu ukifute kwenye majani.

Baba mdogo Kisimba husema tia sarafu kwenye sufuria,
ikibaki inang'aa, kula.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
"Sarafu gani, Kisimba? Nchi hii ina noti tu,
tena zimebandikwa gundi."

Nyumbani: maji ya kwanza humwagwa
nyuma ya choo, wasikofika kuku.
Ya pili humwagwa.
Ya tatu ndiyo ya chumvi, ndiyo ya unga wa karanga,
ndipo unasonga bukari.
Miaka thelathini aliuza mafungu kwenye soko la Kenya,
hakuna mteja aliyerudi na lawama,
wala aliyeshindwa kurudi.

Mwaka huu, njiani, aliniita Mwelwa. Mara mbili.
Mwelwa ni dada yake; tulimzika kiangazi cha juzi.
Alisimama mbele ya kichuguu
kama mtu aliyesahau namba ya nyumba yake mwenyewe.
Vidole lakini vilijua. Vilivunja ukingo, vikangoja,
nami nikaitazama midomo ikihesabu:
kumi na sita, kumi na saba, kumi na sita.

Jioni mbabula iliwaka vibaya.
Alimwaga maji mara moja. Nilikuwa mlangoni, niliona.
Akanyoosha mkono kwenye chumvi.

"Mama, umemwaga mara ngapi?"
"Mbili."
Kwa sauti ile ile ya miaka thelathini,
iliyowafanya wanawake wa Kamalondo wafungue vifundo vya vitenge
bila kuuliza swali la pili.

Nilimtuma aone kama Kaoma amefunga baiskeli.
Nikabeba sufuria kwa upindo wa nguo, nikamwaga gizani.
Mvuke ulinipanda usoni, nikafumba mdomo
kana kwamba nimeiba.
Nikajaza maji mapya. Nikairudisha ilivyokuwa,
mpini ukielekea mlango.

Aliporudi aliinamia jiko.
"Bado tu?"
"Makala ya siku hizi, mama."
"Makala ya siku hizi," alikubali, akashusha mwili kwenye kigoda.
Tukakaa. Redio ya jirani ilitangaza bei ya kitu fulani.
Halafu akasema, kwangu au kwa Mwelwa:
"Ule wa maziwa, usisahau. Unalika, lakini."

"Lakini nini?"

Alinitazama muda mrefu,
kwa adabu, kama ninavyotazamwa na wageni.
Maji yalikuwa yanaanza kutokota.