Ukurasa Nilioushona

Februari kumi na tisa. Mwezi mpevu, hauonekani.
Mvua ya Todmorden, ile isiyonyesha wala isiyokatika.
Nimechoma majani matatu ya mbei kwenye sahani.
Matokeo: king'ora cha moshi kimelia,
jirani wa chini amegonga dari kwa mpini wa ufagio.

Ndivyo linavyoanza daftari langu,
la mistari ya kijani, pauni moja na nusu pale posta.
Hazel Greenhalgh, auzaye mishumaa sokoni kila Alhamisi,
ndiye aliyeniambia: andika, hata ukishindwa.
Tarehe, mwezi, hali ya hewa, ulichofanya, kilichotokea.
Na usichane ukurasa.
Yeye neno lenyewe amelibandika kolani,
kibati cha rangi ya zambarau: MCHAWI, kwa lugha ya kwao,
na wateja wanacheka, wanapokea chenji.

Mimi sikuliandika kwenye jalada.
Shangazi yangu Ng'wasi lilimhamisha Maswa
kwa macho mekundu ya moshi wa samadi,
usiku, na kuku wawili ndani ya kapu.
Jalada langu linasema: HESABU ZA NYUMBANI.

Machi tatu. Chumvi kizingitini.
Matokeo: konokono wamekoma kuingia.
Machi tisa. Nimeiomba barua ya viza ije. Haijaja.
Machi kumi. Haijaja.
Machi kumi na moja. Nimeacha kuomba, nimefua mashuka.
Imekuja.
(Hili sijui niliweke safu gani.)

Aprili. Mzee Sutcliffe wa chumba cha sita halali.
Nimemtilia rozmari chini ya mto,
kalala saa nne mfululizo.
Huenda ni rozmari. Huenda ni mkono wangu
alioukamata mpaka akakoroma.
Nimeandika yote mawili.

Kuna usiku kalamu inajipangia yenyewe:

    Mto Calder nakutuma
    uyachukue ya nyuma
    usirudi kunisoma
    wala kunitaja jina.

Kisha Mei ishirini na saba.
Maureen Ackroyd, msimamizi wa zamu,
alinikata ujira wa saa sita kwa dakika saba za kuchelewa,
mbele ya watu, akilitamka jina langu
kama mtu anayetema kokwa.
Usiku ule niliandika la kwake mara tisa,
wino mwekundu, kichwa chini miguu juu.
Niliandika na nilichomtakia.
Sikirudii hapa.

Juni nne, Maureen aliteleza ngazini, nyonga ikavunjika.

Safu ya matokeo ilikaa wazi siku tano.
Hazel alinimiminia chai, akasema, ajali,
ngazi zilikuwa zimelowa, mpenzi, acha kujitesa.
Kweli zilikuwa zimelowa.
Zamu ya kupiga deki ilikuwa ya nani,
hilo nalo limo daftarini.

Sikuuchana. Nilitafuta sindano na uzi mweusi,
nikaushona ukurasa ule na mwenziwe,
mishono midogo midogo, kama foronya ya mtoto.
Sasa daftari limekakamaa hapo katikati.
Ukiliachia mezani linafunguka lenyewe,
palepale.

Nimemfikiria sana Shangazi.
Hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha wale vijana:
siku fulani nilipika, siku fulani niliumwa mgongo,
siku aliyokufa mtoto wa Kulwa nilikuwa kisimani.
Wangelisoma? Sidhani.
Lakini lingekuwepo.

Julai mbili. Mwezi sikuutazama.
Nimempelekea Maureen supu ya dengu, ghorofa ya pili,
paka wake akininusa viatu.
Hatukuzungumza mengi.
Nilimwambia nani alikuwa na deki siku ile.
Alikoroga supu muda mrefu.
Matokeo: ameomba chumvi.